Goma–Kinshasa: wagonjwa na dawa wapite kwanza

Kutoka Goma hadi Kinshasa kwa ndege ni karibu kilomita 1,570, masaa kama mawili. Kwa kuwa saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, aliyeondoka saa mbili asubuhi alishuka Ndjili saa tatu.

Vita vilipofunga uwanja wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, njia hiyo ilikatika. Barabara nzuri ya kufika Kinshasa haipo. Mwenye pesa alivuka mpaka, akatafuta ndege Kigali. Mhami aliyeacha shamba na nyumba atalipa nini?

Wanaobishana nani ashike uwanja wakumbuke: mgonjwa hana upande vitani. Uwanja ufunguliwe kwanza kwa dawa, chakula na wagonjwa. Siasa ifuate nyuma.