Tombola Hadharani: Majibu kwa Wanaobeza Majaribio ya Kijamii

Kijana wa Pepa, kwetu kwenye milima ya Marungu mkoani Tanganyika, akisema anataka kujifunza kupanga jaribio la sayansi ya jamii, hakosi wa kumkatisha tamaa. Wengine ni wasomi, wengine ni mawakala wa mashirika wanaopanda Marungu na fomu zao. Hoja zao nyingi hazisimami.

Wanaanza na hii: binadamu hapimiki kama dawa, tena Kongo, penye vita. Lakini moja ya majaribio makubwa ya aina hii Afrika limefanyika hapahapa mashariki. Mradi wa Tuungane, ulioanza 2007 chini ya mashirika ya IRC na CARE kwa fedha za Uingereza, uliingia vijiji 1,250, Tanganyika ikiwemo. Fedha hazikutosha kila mahali, kwa hiyo maeneo yalichaguliwa kwa tombola, mbele ya watu. Vijiji vilivyobahatika vilichagua kamati na kujifunza kusimamia mali ya wote kwa uwazi. Kisha watafiti Macartan Humphreys, Raúl Sánchez de la Sierra na Peter van der Windt walitazama jinsi vijiji 457, vilivyopitia mradi na visivyopitia, vilivyotumia dola 1,000 ambazo kila kimoja kilipewa bila masharti ya mradi. Nani aliamua? Fedha ziliishia mikononi mwa nani? Tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuonekana.

Hapo mpinzani huruka: basi jaribio lilishindwa! La. Jaribio lilifanya kazi yake barabara. Kilichokwama ni dhana kwamba miaka miwili ya mikutano hubadilisha namna kijiji kinavyotawaliwa. Watafiti wangeuliza tu, “Je, siku hizi kiongozi wenu anawashirikisha?”, nina hakika wengi wangeitikia ndiyo. Nani amkere mgeni aliyeleta fedha? Ndiyo maana walipima matendo.

Wengine wanaona inatosha kulinganisha waliopata na wasiopata, au kabla na baada. Gawa mbegu za maharage juu ya Marungu, mvua ikanyesha vizuri mwaka huo, na ripoti itausifu mradi kwa kazi ya mvua. Ukilinganisha waliojiandikisha na waliokaa nyumbani, mara nyingi utakuwa unapima bidii ya watu na ukaribu wao na barabara. Kule Busia na Teso, Kenya, Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa pamoja na wengine, na wenzake walichunguza chati za kufundishia. Shule zilizokuwa tayari na chati zilionekana kufanya vizuri zaidi kuliko zisizo nazo. Walipofuata shule 178 ambazo nusu yake zilipewa chati kwa bahati nasibu, faida hiyo ikayeyuka. Shule zenye chati zilikuwa bora kwa sababu nyingine.

Hoja inayoniudhi zaidi ni kwamba kazi ya amani haihitaji kupimwa, kwa kuwa kuzungumza hakuwezi kudhuru. Elizabeth Levy Paluck alipima hilo Kivu, na matokeo yakachapishwa 2010. Kulikuwa na mchezo wa redio, Kumbuka Kesho, wenye ujumbe wa ushirikiano. Katika baadhi ya maeneo, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, mchezo ulifuatiwa na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane na kuelewa upande wa pili. Baada ya mwaka mmoja waliosikiliza kipindi hicho walijadiliana zaidi, lakini uvumilivu wao ulikuwa mdogo zaidi, walitaja zaidi madhila waliyotendewa, na walikuwa wazito zaidi kuwasaidia majirani wasiowapenda. Mkoani kwetu damu imemwagika kati ya Watwa na Waluba, na mabaraza ya kupatanisha yanaitishwa. Sisemi yafungwe. Nasema anayeyaitisha awe tayari kujua ni mazungumzo ya namna gani yanayotuliza na yapi yanachokoza kidonda.

Kuhusu hoja ya kwamba majaribio yanataka hisabati ngumu na kompyuta, sitapoteza muda. Kuhesabu wastani wa makundi mawili kunafundishika. Kigumu kiko kwingine, na hapo mtoto wa Pepa anamzidi mgeni. Ukichagua vijiji viwili na kuhoji kaya arobaini kila kimoja, bado una vijiji viwili tu. Kimoja kikipatwa na ugonjwa wa ng'ombe, jaribio limekwisha. Mbegu ulizogawa nazo huvuka kutoka kwa shemeji hadi kwa shemeji, na kundi la kulinganisha linakuwa limeonja dawa. Mgeni ataligundua hilo mwishoni, kama ataligundua. Mwenyeji anajua tangu mwanzo nani kaoa wapi.

Inabaki hoja ya kwamba tombola ni dhuluma. Nusu yake ni kweli. Penye njaa, au pale msaada unapowatosha wote, kumnyima mtu ili upate kundi la kulinganisha ni kosa, hata kama hesabu zako ni safi. Lakini msaada usipotosha, mtu lazima akose, na bila tombola mara nyingi hukosa asiye na ndugu ofisini. Vikaratasi vitolewe mbele ya wazee, kila mtu aulizwe kama anakubali kuhojiwa na aruhusiwe kukataa, na waliokosa waandikwe kwa zamu ya msimu unaofuata. Zamu hiyo itajwe siku ileile, kabla mkutano haujatawanyika.