Mirembe si Tusi



Juma lililopita darasani, mwanafunzi mmoja alitoa hoja iliyowakera wenzake. Sauti ikatoka nyuma: "Huyu apelekwe Mirembe!" Darasa zima likacheka. Nakiri kwa aibu kwamba nami nilitabasamu.

Tulicheka nini? Wamisionari wa Kijerumani walianza kuwalaza wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1904. Waingereza wakafuata na Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Chini ya ukoloni, hospitali ya namna hiyo ilikuwa nusu tiba, nusu kifungo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwondoa mtu machoni pa jamii. Mkoloni aliondoka. Desturi yake tukairithi, tukaipamba kwa utani. Leo muuguzi humlisha mgonjwa, humwogesha, humbembeleza anywe dawa hadi apone, kisha ndugu hawaji kumchukua. Kitanda cha hospitali kinageuka makazi.

Anayedhani hakuna njia nyingine aitazame Nduta, wilayani Kibondo. Kambi hiyo ilipofunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi, shirika la Médecins Sans Frontières lilitoa huduma ya afya ya akili humo humo kambini. Aliyebeba majonzi ya vita hakulazimika kusafirishwa mamia ya kilomita hadi Dodoma ili asikilizwe. Aliweza kusikilizwa pale alipo na jioni akarudi kwa watoto wake.

Lililowezekana kambini lishindikane vipi katika hospitali ya wilaya? Nitaambiwa bajeti haitoshi. Lakini bajeti ni orodha ya watu tunaowathamini, na mgonjwa wa akili hukosekana humo kwa sababu tulikwisha kumfuta kwa kicheko.

Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu mwaka 2008. Watumishi wa umma mnaopanga mipango ya halmashauri, ipeni sheria hiyo dawa, watumishi na chumba cha faragha. Misaada ya kambini ikiondoka, mwanakijiji wa Kibondo asiachiwe uchaguzi kati ya kamba nyumbani na safari ya Dodoma.

Nanyi wanafunzi wangu, juma lijalo tutaanza kipindi kwa mimi kumwomba radhi mwenzenu. Ukuta wa Mirembe huanzia vinywani mwetu.