Mafua "tu" yasikupeleke kazini

Huku Uingereza kila ikifika Oktoba mambo ni yale yale: madirisha yanafungwa, hita zinawashwa, na ukimpigia jamaa simu unakutana na sauti iliyokauka. Ukimuuliza anaumwa nini, jibu ni "aa, mafua tu." Hilo neno "tu" ndilo nataka tulizungumze, maana naona linatuumiza kuliko baridi yenyewe.

Kwetu neno mafua linabeba vitu viwili. Kuna mafua ya kawaida, pua inachuruzika, unapiga chafya, siku chache yameisha. Halafu kuna homa ya mafua, yenye virusi vyake. Hii inakuja ghafla: asubuhi u mzima, jioni homa imepanda, mwili wote unauma kama umepigwa, hata kunyanyuka kitandani ni kazi. Kijana mwenye afya kwa kawaida atalala kama wiki moja, atapona. Lakini mzee, mjamzito, mtoto mdogo, mwenye pumu au kisukari anaweza kupata nimonia, na kila msimu wa baridi watu wanakufa nayo hapa hapa penye hospitali na dawa.

Mgonjwa anaweza kuambukiza wengine tangu siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku tano mpaka saba baada ya kuanza kuumwa. Sasa mtie mtu huyo kwenye chumba kilichofungwa kila upande. Fungueni madirisha hata dakika kumi jamani, bili ya gesi haitawafilisi.

Sasa tuje kwenye kazi. Wengi wetu tuko kwenye nyumba za wazee, mahospitalini, kwenye usafi na maghala. Hesabu zetu tunazijua: ukikosa shifti kodi inayumba, na nyumbani wanangoja ada ya watoto. Basi tunameza paracetamol mbili, tunafunga skafu, tunaingia. Nami nimefanya hivyo. Nilipiga shifti mbili za usiku kwenye nyumba ya wazee huku mwili unawaka, nikalisha watu, nikawageuza, nikawavisha. Wiki ile wazee watatu waliugua, mmoja akachukuliwa na ambulansi. Huenda aliyewaletea ni mwingine, na hakuna aliyeninyooshea kidole, lakini yule bibi nilikuwa namlisha mimi kwa kijiko.

Kwa hiyo jua haki yako. Hapa Uingereza, kwa siku saba za mwanzo za ugonjwa hutakiwi kuleta barua ya daktari, unajieleza mwenyewe. Malipo ya ugonjwa yaliyowekwa kisheria yanaweza kukuhusu hata ukiwa umeajiriwa kupitia wakala, uliza kabla hujaumwa. Ni pesa ndogo, sikudanganyi. Lakini ni tofauti na sifuri, na wengi wetu hatuulizi kabisa.

Mikono nayo. Sisi ni watu wa kupeana mikono, kubusu watoto na kula sinia moja, na sitaki mtu aniambie tuache. Ninachogombana nacho ni lile bakuli la maji linalozungushwa kwenye shughuli, watu kumi wanachovya vidole humo humo halafu wanaanza pilau. Huko si kunawa. Nenda kwenye bomba, tia sabuni, sugua sekunde 20. Na mwenye kukohoa apakuliwe sahani yake, si kutengwa huko.

Kuna chanjo pia, kila mwaka, kwa sababu virusi hivi hubadilika. Hapa England ni bure kwa wenye miaka 65 na zaidi, wajawazito, wenye maradhi ya kudumu kama kisukari, na watoto wengi. Wanaohudumia wazee kwenye nyumba zao nao wamo. Nasikia watu wakisema sindano ndiyo inayowapa ugonjwa. Haiwezi, haina virusi vilivyo hai. Mkono utauma, pengine na homa ndogo ya siku moja au mbili. Haimkingi kila mtu, ila inapunguza sana hatari ya kulazwa. Kwa Waislamu: ile ya watoto ya kupuliza puani ina jelatini ya nguruwe, lakini ipo ya sindano isiyo nayo. Mwambie muuguzi wa shule au GP wako, utapewa hiyo badala ya kurudisha fomu umekataa yote.

Tangawizi na limau endelea, koo linapata nafuu, ila si kinga. Kumfukiza mtoto kwa sufuria la maji ya moto usithubutu, wameungua wengi. Na ile amoxicillin uliyobeba kutoka Dar au Mombasa iache kabatini, haiui virusi. Akishindwa kupumua vizuri, akichanganyikiwa au kifua kikimbana, piga 999 usingoje asubuhi.

Na kama ulipanga Jumapili kwenda kumwamkia mama wa mtu aliyekuja kutembea, na usiku umeamka na homa, mpigie simu umwambie utakuja ukishapona. Atanuna kidogo.