Watalii wakipungua, maharage hukosa ndege

MKULIMA wa maharage machanga anapoona ndege kubwa ikipita juu ya shamba lake, huenda akadhani kuwa hiyo ni safari ya watalii isiyomhusu. Ukweli ni kwamba chini ya miguu ya abiria hao, katika tumbo la ndege, ndimo yanamowekwa maboksi ya mazao yanayokwenda Ulaya.

Kabla ya mwaka 2020, takriban nusu ya shehena yote iliyosafirishwa kwa anga duniani ilibebwa na ndege za abiria. Nauli za abiria hulipa sehemu kubwa ya gharama za safari, na kwa sababu hiyo shirika huweza kuchukua mboga na maua kwa bei nafuu kuliko ndege ya mizigo, ambayo mafuta yake yote hulipwa na mzigo peke yake.

Hata hivyo, katika tumbo hilo mkulima si mwenye nyumba. Masanduku ya abiria hupewa nafasi kwanza. Isitoshe, katika viwanja vya nyanda za juu kama Nairobi, hewa ni nyepesi na ndege huhitaji nguvu zaidi kupaa, hasa mchana wa jua kali. Inapobidi kupunguza uzito, shehena ndiyo hubaki chini.

Jambo hili linawagusa pia wakulima wa Tanzania, kwani kwa miaka mingi mboga na maua ya Arusha na Kilimanjaro yamekuwa yakipelekwa kwa lori hadi Nairobi ili kupata ndege.

Aprili 2010, volkano ya Eyjafjallajökull ililipuka nchini Iceland. Majivu yake yalifunga sehemu kubwa ya anga la Ulaya kwa siku sita hivi, na safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa. Huko Naivasha, Kenya, maua ya waridi yaliyokwisha kukatwa yalitupwa na vibarua wakarudishwa nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha na mbolea ilikuwa imewekwa. Kilichokosekana ni ndege.

Pigo la pili lilikuja na Uviko-19. Machi 2020, Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria hadi Agosti 1 mwaka huo. Nafasi ya mizigo ikawa adimu na bei yake ikapanda. Kenya Airways ililazimika kung'oa viti katika baadhi ya ndege zake ili zibebe shehena.

Waliokuwa wakiuza hotelini nao hawakusalimika. Watalii waliofika Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Hoteli isiyo na wageni hainunui mayai, samaki wala nyanya. Hivyo mgeni mmoja asipokuja, mkulima hupoteza mara mbili: chakula ambacho mgeni huyo angekula, na nafasi ya mzigo katika ndege ambayo angepanda.

Juhudi za kujinasua zipo. Juni 2023, Air Tanzania ilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767-300F yenye uwezo wa kubeba tani 54. Lakini ndege ya namna hiyo huhitaji mzigo wa kwenda na wa kurudi, la sivyo gharama humrudia msafirishaji. Meli nayo ni nafuu na hufaa kwa parachichi. Hata hivyo, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yalifanya meli nyingi zinazokwenda Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka.

Funzo ni kwamba anayelima kwa ajili ya soko la nje hana budi kufuatilia ratiba za ndege na misimu ya watalii kama anavyofuatilia mvua. Kabla ya kupanda, amuulize mnunuzi ni nani atakayebeba hasara iwapo mzigo utalala uwanjani, na jibu hilo liandikwe katika mkataba. Tena asiache kutafuta mnunuzi wa karibu, hata kama bei yake ni ndogo. Boksi la maharage lililokosa ndege Jumatatu, Alhamisi halina thamani tena.