Barua ya Kazi: Usiifiche Kazi Yako Ndani ya Kiingereza

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa embe la sokoni methali hiyo haina mshindani. Lakini kwa mfanyakazi anayeomba kazi, chema hakina budi kwanza kitoke ndani ya bahasha. Mwajiri hajauona mkono wako ukitenda. Anaiona karatasi tu, na katika makampuni mengi karatasi hiyo hutakiwa iwe kwa Kiingereza.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza riziki ya watoto wao. Fundi hodari huandika barua iliyojaa unyenyekevu na maneno mazito aliyoyaokota katika kamusi, na kazi yake yote ikafichika. Mazoea haya kwa sehemu ni urithi wa ofisi za mkoloni, ambamo barua za serikali zilimalizikia kwa maneno “Your obedient servant”, yaani mtumishi wako mtiifu. Mkoloni alikwisha kwenda zake. Utumwa wa kalamu yake haufai kubaki. Kuomba kazi si kuomba sadaka. Adabu yatosha.

Kanuni iliyo kuu ni hii: fasiri kazi yako, usifasiri maneno yako. Neno letu “fundi” lina uwanja mpana. Mshona nguo, mjenzi, mtu wa umeme na mtengeneza magari wote huliitikia. Kiingereza chatudai tuchague: “tailor”, “mason”, “electrician” au “mechanic”. Ukichagua lisilo lako, huenda ukaitwa kwenye usaili wa kazi usiyoijua, au usiitwe kabisa.

Angalia pia wakati wa kitenzi. Sisi twasema, “Ninafanya kazi hapa tangu 2015,” na Kiswahili hicho ni safi. Kwa Kiingereza andika “I have worked here since 2015”. Ukiandika “I worked here for nine years”, umemwambia mwajiri kwamba kazi hiyo umekwisha kuiacha, naye atajiuliza kwa nini. Neno moja dogo limekuondoa kazini! Vivyo hivyo, “yeye” wetu ni wa mume na wa mke. Msimamizi wako akiwa mama, usimwite “he” mstari huu na “she” mstari ufuatao.

Katika maelezo yako binafsi, anza na kazi ya karibuni kisha urudi nyuma. Kila mstari uanze na tendo. Kusema “I was responsible for machines” ni kusema ulikabidhiwa mashine. Hakuonyeshi kama ziliwahi kuzunguka. Andika “Repaired 12 sewing machines a month”, iwapo kweli zilikuwa 12. Usiongeze hata moja, kwani kwenye usaili utaulizwa namna ulivyozitengeneza. Na anayeghushi cheti anajitafutia kesi, si kazi.

Ushahidi nao una thamani. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Idai, uitunze. Wadhamini nao waombe idhini kabla ya kuyataja majina yao.

Ukisha kuajiriwa, kalamu haipumziki. Chukua barua ya likizo. Wengi hufasiri “ruhusa” wakaandika “permission”, kumbe neno la ofisini ni “leave”. Taja ni “annual leave” au “sick leave”, tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi, na nani atakayeshika kazi yako. Sheria hiyohiyo inatoa likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 28 mfululizo. Kwa hiyo huna haja ya kulia katika barua. Omba kwa ufupi, nawe ubaki na nakala. Siku ya ubishi, nakala ndiyo itakayokusemea.

Kuhusu salamu: ukianza na “Dear Sir or Madam”, malizia na “Yours faithfully”. Ukimtaja mtu kwa jina lake, malizia na “Yours sincerely”. Na usinakili barua ya rafiki bila kuisoma. Mtu asije akaipelekea kampuni moja sifa za kampuni nyingine.

Hata hivyo, soma tangazo vema kabla ya kuhangaika. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamekuwa yakiruhusu barua ya Kiswahili au ya Kiingereza. Pale unaporuhusiwa lugha unayoimudu, itumie bila kuona haya.

Jioni ya leo, baada ya chakula, waite vijana wako mezani. Aliyeko sekondari akusahihishie tahajia; lakini habari ya kazi uitoe wewe mwenyewe, maana wewe ndiwe uliyeitenda. Kisha mwenzio aisome barua nzima kwa sauti. Akikuuliza, “Je, ni wewe huyu?”, nawe ukaweza kujibu “Naam” bila kusita, tia sahihi yako.

Hadi Jumapili nyingine, kazi njema.