Mnyororo wa Kifaru Una Uzito

Miongoni mwa mafundi waundao vifaru vidogo vya mfano, kwa kipimo cha 1/35, wako wanaotumia juhudi kubwa katika kupaka rangi na kubandika alama, ilhali mnyororo wameuacha umenyooka kama uzi wa mwashi. Na hiyo, kwa rai yangu, ni dosari iharibuyo kazi yote. Tiger, kifaru cha Kijerumani ambacho kimojawapo, kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, kimehifadhiwa katika makumbusho ya Bovington, Uingereza, hakina vigurudumu vya kuubeba mnyororo kwa juu, na kwa sababu hiyo chuma hicho kizito hulegea kikayalalia magurudumu makubwa. Aidha, kila mhimili wa magurudumu una mkono wake na ufito wake wa chuma unaojisokota, hata ukapanda na kushuka peke yake. Basi kukiweka kifaru juu ya mawe, na magurudumu yote yakawa sawasawa, ni kuikanusha hakika ya uzito wake. Fundi na atazame kwanza picha za kifaru chenyewe, aulaze mnyororo, aipandishe mikono ya magurudumu kwa kadiri ya ardhi, ndipo ashike brashi. Kwani rangi haisitiri umbo lililokosewa.