Ampli Nyepesi kwa Gita ya Besi: Tuhesabu Mbele ya Kununua



Mwezi huu ninaacha kidogo mambo ya ndoa na ya malezi, niongee nanyi juu ya ampli. Musicheke. Mama mmoja wa hapa Makomeno alinishika mkono kisha ibada akaniuliza: "Pasta, feza ya bamama itanunua tena mashini ingine? Ile ya kwanza haikumaliza hata miezi mitatu." Alisema kweli, na kosa lilikuwa langu. Ninaliandika hapa ili kanisa lingine lisilipe mara mbili kama sisi.

Mambo yalianza hivi. Korali yetu ilikuwa na ampli moja ya zamani, kilo 27. Kila kilio, kila ibada ya nje, kijana wetu wa besi aliibeba toka chumba cha vyombo mpaka kwenye pusipusi, kisha toka pusipusi mpaka uwanjani. Usiku mmoja wa mvua aliteleza kwenye ngazi. Hakutaka ampli ya kanisa ianguke, akaishikilia, mgongo ukalia. Wiki tatu hakuweza kuinama kufunga viatu. Baba yake akaja nyumbani kwangu, akakaa, akakataa hata maji. Akasema: "Pasta, nilikupatia mutoto wa kupiga gita. Njo amekuwa mubeba mizigo?"

Sikuwa na jibu. Ile siku nilikata shauri: tutafute ampli nyepesi. Bamama walikusanya feza ya unga na ya mikate, nami nikaenda nayo dukani mjini. Nikaona ampli moja, unaibeba kwa mkono mmoja kama mfuko wa sukari, na mbele yake wameandika wati 3000. Kijana wa besi alikuwa pembeni yangu, akaanza: "Lakini pasta, omu..." Nikamwambia: "Acha wakubwa waongee." Nikalipa. Miezi mitatu haikutimia, ampli ikazima katikati ya kilio, na harufu ya kuungua ikatoka. Kijana alikuwa anajua kitu ambacho mimi sikujua, na nilimfunga kinywa.

Sasa tuelewe mashini yenyewe. Juu ya nini ampli ya zamani ni nzito namna ile? Ukiifungua utaona kibonge kikubwa cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Ile ni transfo. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa kila sekunde, na kwa mwendo ule wa polepole transfo inaomba chuma kingi na shaba nyingi. Sisi watu wa Katanga tusishangae uzito ule: shaba ya kwanza ya Lubumbashi ilimwagwa mwaka 1911, na tangu hapo baba zetu wamelisha transfo za dunia. Kisha transfo kuko mabati makubwa ya aluminiamu ya kupoza, maana katika ampli za namna ile karibu nusu ya umeme inayokula inaweza kupotea kuwa joto. Mwaka 1969 kiwanda cha Ampeg kule Marekani kilitoa ampli ya besi iitwayo SVT, ya wati 300, yenye kutumia lampi. Kichwa chake peke yake, bila bafle, kilipita kilo 35. Ni ampli yenye sifa kubwa, lakini fikiri kuipandisha kwenye moto.

Ampli nyepesi za leo zinafanya kazi kwa njia ingine. Kwanza zinaukata umeme mara makumi ya maelfu kwa sekunde, na kwa mwendo ule wa haraka transfo ndogo kama ngumi inatosha. Pili, transista zake hazikai nusu wazi. Zinafunguka kabisa ao zinafunga kabisa, haraka sana, na kwa sababu hiyo joto ni kidogo. Nyingi zinapeleka kupita asilimia 80 ya umeme kwenye bafle. Ndiyo maana ampli ya kilo 4 inaweza kufanya kazi ya ile ya kilo 27. Wepesi si udanganyifu. Daudi pia aliyavua mavazi ya vita ya Sauli kwa sababu hakuyazoea, na hakushindwa.

Lakini wepesi hauondoe hesabu. Kuko maswali matano ya kuuliza mbele ya kufungua mfuko wa feza.

1. Bafle yako ni ya omu ngapi?

Hapa ndipo tulipoangukia. Nyuma ya bafle kuko namba pamoja na alama inayofanana na kiatu cha farasi, Ω. Ile ni omu, kipimo cha namna bafle inavyouzuia umeme. Namba ikishuka, ampli inafanya kazi zaidi. Na ukiunga bafle mbili zilizo sawa kwa njia ya kawaida, omu zinagawanyika kwa mbili: 8 na 8 zinakuwa 4, 4 na 4 zinakuwa 2. Sisi tulikuwa na bafle mbili za omu 4, tukaziunga zote. Ampli yetu ilikubali mwisho omu 4, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa nyuma yake kwa herufi ndogo. Tuliipatia 2. Ni kama kubebesha punda mmoja mizigo ya punda wawili, kisha kumlaumu anapolala chini.

Kama unataka kuunganisha njia mbili za ampli ziwe moja, kwa kupata nguvu zaidi, angalia mara mbili. Kwa namna ile ampli nyingi hazikubali chini ya omu 4, hata kama kila njia peke yake inakubali 2.

2. Wati zake za kweli ni ngapi?

Namba ya mbele ya mashini mara mingi ni ya kilele, yaani nguvu ya kipande kidogo cha sekunde, tena njia zote mbili zimejumlishwa. Tafuta katika kitabu chake pale palipoandikwa RMS, kwa njia moja, kwa omu za bafle yako. Fanya pia hesabu hii ya shule: prizi ya volti 220 yenye kubeba ampere 10 inatoa wati 2200, si zaidi. Basi wati 3000 za kuendelea zitatoka wapi?

Musitishwe vilevile na namba ndogo. Sikio letu halihesabu kama mfuko wa feza. Toka wati 300 mpaka 600 utasikia tofauti ndogo tu, desibeli 3. Ili sauti ionekane mara mbili, unahitaji karibu mara kumi ya wati. Kwa hiyo bafle nzuri, yenye kutoa desibeli 100 kwa wati moja pahali pa 97, inakupa sawa na kuongeza ampli mara mbili, na haikuongezee bili ya umeme. Ni kweli, besi inaomba nguvu kupita mikro, maana uzi wake mnene wa mi unatetemeka mara 41 tu kwa sekunde, na sauti za chini namna ile sikio halizisikii kwa urahisi. Lakini kwa kilio cha uwanja mmoja ao kanisa la watu 200, wati 300 mpaka 500 za kweli zinatosha. Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alipiga besi na nyimbo pamoja, gita moja, bila ampli yoyote. Watu walisikia.

3. Umeme wetu utaitendea namna gani?

Munajua wenyewe. Umeme unashuka, taa zinakuwa nyekundu, unakatika, kisha unarudi kwa kishindo. Ampli nyepesi nyingine zinakubali toka volti 100 mpaka 240 bila shida. Nyingine ni za 220 peke yake, nazo umeme ukishuka zinazima ao zinavuta kwa nguvu mpaka fizibo inakatika. Soma nyuma. Tenga sehemu ya feza kwa stabilizatere nzuri. Umeme ukikatika, zima ampli na uitoe kwenye prizi. Ukirudi, ngoja dakika chache. Kwa grupu ndogo, washa grupu kwanza, iache itulie, ampli iwe ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa.

Na vijana, ninawaomba kama baba: musikate kamwe ule mguu wa tatu wa prizi, wa waya ya udongo, eti juu ya kuondoa mlio. Waya ile ndiyo inayomlinda mpiga gita anapogusa mikro kwa mdomo. Mlio unatafutiwa dawa ingine. Mtoto aliyepigwa na umeme hatafutiwe mwingine.

4. Ikiharibika, nani ataitengeneza?

Tuseme kweli: hapa ampli nzito ya zamani inashinda. Fundi wa mtaa anaifungua, anabadilisha transista, inalia tena. Nyepesi ina vipande vidogo kama chembe za mchele, na mara mingi unabadilisha sahani nzima. Basi uliza dukani: sahani hiyo inapatikana hapa, ao inatoka mbali? Kama muuzaji anakukwepa macho, umepata jibu. Na katika miezi ya kiangazi, vumbi letu jekundu linaingia katika feni. Funika ampli baada ya kazi, na usafishe kichujio chake kama kinatoka.

5. Ni uzito gani unaotaka kuondoa?

Pengine si ampli inayovunja mgongo, ni bafle. Na hapa kuko habari inayotugusa sisi. Zamani sumaku nyingi za spika nzuri zilikuwa za alnico, zenye kobalti ndani yake. Mwezi wa tano 1978 vita ilipofika Kolwezi, bei ya kobalti ilipanda sana katika dunia, maana Zaire ndiyo ilikuwa inatoa nyingi kupita wote. Viwanda vingi vya spika vikahamia sumaku za ferrite, za bei chini lakini kubwa na nzito. Ni kusema, mpiga gita wa Marekani alibeba spika nzito juu ya risasi za Kolwezi. Leo kuko sumaku za neodimi, ndogo na nyepesi, lakini bei yake iko juu. Mara ingine ni afadhali kuacha bafle moja kanisani.

Jambo moja la kuongeza: ampli ya nguvu peke yake haina vifungo vya kutengeneza sauti ya besi. Gita inapita kwanza katika preampli. Kama hamna, nunueni kichwa chenye vyote viwili, ao muhesabu bei ya preampli pamoja.

Sasa mwisho wa habari yetu. Nilisimama mbele ya kanisa nikawaambia bamama kwamba ampli haikuungua yenyewe, niliiunguza mimi kwa kutouliza na kwa kutosikia. Haikuwa rahisi. Kisha tulikaa kwenye meza moja: mama mshika feza, fundi mmoja, kijana wa besi na mimi. Kijana ndiye aliandika karatasi. Safari hii tulibeba bafle yetu mpaka dukani, tukajaribu pale pale. Tulinunua ampli yenye namba ndogo mbele: wati 500 za kweli kwa omu 4, kilo 4 na kidogo. Tuliamua itumike na bafle moja. Feza iliyobaki ilinunua stabilizatere na kable nzuri mbili.

Mama alipoiona alishangaa: "Njo hii tu?" Kijana akapiga uzi wa mi, madirisha yakatetemeka, mama akacheka.

Kilio kilichofuata, yule baba aliyekataa maji yangu alikuja mwenyewe. Aliiweka ampli chini ya kwapa kama Biblia, akatembea nayo mpaka uwanjani, mwanawe nyuma yake akiwa na gita peke yake.

Wazazi, kama katika nyumba yenu kuko mtoto anayeelewa mambo haya, mumuulize mbele ya kulipa. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Hakusema anakaa peke yake.

Bwana awabariki mpaka mwezi ujao.

Mchungaji wenu